Sura ya Sita: Duka Liko Wapi?

Masika moja niliitwa na kampuni ya usambazaji wa vinywaji jijini Dar es Salaam. Mauzo yalikuwa yanashuka na hakuna aliyejua kwa nini. Jumatatu saa mbili asubuhi nikaketi nyuma kwenye chumba cha mikutano, meneja wa mauzo akawasha projekta, na dashibodi ya kampuni ikatokea ukutani: nguzo tano za rangi, kila wilaya na nguzo yake. Ilala imepungua kidogo. Kinondoni kidogo. Ubungo kidogo. Temeke na Kigamboni ziko palepale. Wasimamizi wakasimama mmoja mmoja. Wa kwanza akasema washindani wameshusha bei. Wa pili akasema vijana wake wawili wameacha kazi. Wa tatu akasema watu wametoka kwenye sikukuu, mifuko imekauka. Kila maelezo yaliingia akilini, kikao kikafungwa, watu wakaenda kunywa chai.

Mchana wake nikaomba orodha ya maduka pamoja na mahali yalipo. Nikayaweka juu ya ramani ya jiji: duka ambalo oda zake zimepungua nikalipa doa jekundu, ambalo halijapungua nikalipa doa la kijivu. Madoa mekundu yalijipanga kama shanga kwenye uzi. Yalianzia pande za Vingunguti, yakapita Tabata bondeni, yakaja Kigogo, yakaishia Mchikichini na Jangwani. Ukiijua Dar es Salaam hukuhitaji kuambiwa uzi ule ni nini. Ni Mto Msimbazi.

Mvua zilikuwa zimejaza bonde. Magari ya kampuni hutoka kwenye ghala lililo upande wa kusini wa mto, na kila barabara ya Jangwani au ya Kigogo ilipofunikwa na maji, dereva alizunguka mbali na kufika jioni, wakati mwenye duka ameshanunua mzigo kwa mtu mwingine. Maduka mengine yalikuwa yamefungwa kabisa, yameingiliwa na maji. Hilo lote lilikuwa ndani ya takwimu zilezile zilizoonyeshwa ukutani asubuhi. Ila Msimbazi, katika sehemu ya safari yake, ndio mpaka wa wilaya. Nguzo za dashibodi zililichukua tatizo moja la mto mmoja zikaligawa vipande vitatu, kila kipande kikawa kidogo kiasi cha kuelezwa kwa sikukuu.

Ndiyo maana nimetenga sura nzima kwa ajili ya ramani. Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anajua vizuri kuuliza "kiasi gani" na "lini". Vitabu vyake vya hesabu vimejaa majibu ya maswali hayo. Swali la "wapi" analijibu kwa kichwa, kwa uzoefu wa dereva wake au wa afisa mauzo wa siku nyingi, na siku huyo akiondoka, jibu linaondoka naye. Zana za kuliandika jibu hilo na kuliweka mbele ya macho ya kila mtu ofisini zipo, hazilipiwi, na nyingi kati ya hizo zinaweza kuendeshwa kwenye kompyuta moja ya kawaida iliyokaa pembeni ya ofisi.

Ramani ninayoizungumzia ni ile inayojibu. Ukigusa alama ya duka inakufungulia jina lake, oda ya mwisho, na deni kama lipo. Ukichagua wiki iliyopita kwenye kichujio kilicho juu ya dashibodi, madoa yanabadilika pamoja na nguzo na majedwali mengine. Ukikuza, mitaa inajitokeza. Ukipunguza, unaona nchi nzima. Meneja akiuliza swali lingine katikati ya kikao, harudi Jumatatu ijayo kulisikiliza jibu.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kuuliza ni programu gani wapakue. Nitaitaja baadaye. Kazi ngumu iko kwingine, nayo ni kujua duka liko wapi.

Fungua orodha ya wateja ya kampuni yoyote ya kwetu usome safu ya anwani. Utakuta "Mwenge, nyuma ya msikiti". Utakuta "Mbagala, ukishuka kituoni ulizia kwa mama wa chapati". Mtu anafika kwa maelekezo hayo, tena anafika haraka. Kompyuta haifiki. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliipa mitaa ya Tanzania majina na nyumba namba, na kampuni inayosajili wateja wapya leo inafanya kosa kubwa isipoandika namba hiyo kwenye fomu. Lakini orodha za zamani bado zimebeba msikiti na chapati.

Ipo programu huria inayoitwa Nominatim, inayochukua jina la mahali na kurudisha nafasi yake kwenye ramani. Kwa miji, vituo na barabara zenye majina inafanya kazi nzuri. Seva yake ya umma inaruhusu ombi moja tu kwa sekunde, kwa hiyo orodha ya maduka elfu mbili itachukua zaidi ya nusu saa, jambo ambalo si kitu. Tatizo ni kwamba ukiipa "Mwenge", itakupa Mwenge yote: maduka yako arobaini ya Mwenge yatarundikana kwenye nukta moja.

Kwa hiyo nendeni dukani kwenyewe. Nasema hivi kwa kila kampuni inayoniita, na kila mara wanadhani ni gharama kubwa, mpaka tunapokaa na kuhesabu kwamba afisa mauzo anapita kwenye kila duka hata hivyo, kila wiki au kila wiki mbili. Anachohitaji ni fomu kwenye simu. KoboToolbox na ODK zote ni huria, zinafanya kazi bila mtandao na kutuma majibu baadaye ukipatikana, na zimetumika sana kwenye sensa ndogo, kampeni za chanjo na tafiti za kilimo katika nchi zetu. Swali mojawapo kwenye fomu linakuwa la aina ya mahali: ukiligusa, simu inasoma satelaiti.

Siku moja nilimfuata kijana mmoja kwenye kazi hiyo pale Kigogo. Alifika dukani, akasalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo umekuja bila gari?"

"Gari linakuja, mama. Leo naandika duka lako lilipo ili dereva mpya asipotee."

"Basi andika vizuri, maana yule wa juzi alishusha kreti zangu kwa jirani."

Akatoa simu akagusa kitufe, akiwa chini ya bati la kibaraza. Skrini ikaandika usahihi: mita 48. Nikamwomba atoke nje, asimame mahali anapoiona mbingu, asubiri. Namba ikaanza kushuka: 30, 17, 9, ikatulia kwenye 5. Hapo akahifadhi. Katika mitaa iliyobanana kama Kigogo, mita 48 zinalipeleka duka mtaa wa pili, ng'ambo ya mtaro. Nusu dakika ya subira inaokoa miezi ya mizigo kushushwa kwa jirani.

Simu inarudisha namba mbili, latitudo na longitudo. Katikati ya Dar es Salaam ni kama −6.8 na 39.28. Namba hizo mbili zinaharibika kwa njia chache, karibu zilezile kila mahali, nami nimezizoea kiasi kwamba nikiona duka limepotea najua limepoteaje. Mtu akibadilisha mpangilio wa namba hizo, longitudo ikaja mwanzo, duka la Kariakoo linaibuka Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Alama ya kutoa ikidondoka, duka linahamia kusini mwa Ethiopia, kwa kuwa sisi tuko kusini ya ikweta na kompyuta imeambiwa kaskazini. Na pale afisa alipoacha nafasi wazi, halafu jedwali likajaza sifuri mbili, duka linazama Atlantiki, kwenye Ghuba ya Guinea, mahali mstari wa ikweta unapokutana na mstari wa Greenwich. Kwa sababu hiyo, kabla ya kujenga chochote, yapakie maduka yote kwenye ramani ya dunia nzima, uitazame dunia. Yaliyotoroka yataonekana papo hapo.

Angalia pia tarakimu baada ya nukta. Tano zinakupa usahihi wa kama mita moja, nne mita 11, mbili zaidi ya kilomita. Majedwali ya ofisini hupenda kuzifupisha namba bila kukuuliza, hasa faili inapofunguliwa na kuhifadhiwa tena na mtu aliyetaka tu kurekebisha jina la mteja. Na kama nafasi zako zimetoka kwenye hati za upimaji wa ardhi badala ya simu, jihadhari: upimaji wa Tanzania, Kenya na Uganda kwa miaka mingi umetumia mfumo uitwao Arc 1960, ilhali simu na ramani za mtandaoni zinatumia WGS84. Ukichanganya bila kubadilisha, kila kitu kinasogea karibu mita 300. QGIS, programu huria ya ramani iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, inabadilisha mfumo mmoja kwenda mwingine kwa mibofyo michache, na haina mshindani kwa kazi ya kusafisha data ya namna hii.

Baada ya hapo, programu ya dashibodi. Kwa ofisi isiyo na mtu wa kuandika msimbo ninaanzia kwenye Metabase. Inakuja kama faili moja unaloliendesha kwenye kompyuta yoyote yenye Java, unaiunganisha na hifadhidata yako ya mauzo, na wafanyakazi wanaifungua kwenye kivinjari. Ingia kwenye mipangilio ya jedwali la maduka, iambie kwamba safu hii ni latitudo na ile ni longitudo. Kisha uliza swali lako, kwa mfano maduka yote yenye oda chini ya kiwango cha mwezi uliopita, na kwenye orodha ya namna za kuonyesha jibu chagua ramani. Pini zinatokea. Iburute ramani hiyo kwenye dashibodi, iunganishe na kichujio cha tarehe, na umemaliza. Mtu anayejua kutumia jedwali la hesabu anafanya hivi kabla ya chakula cha mchana.

Metabase ina aina ya pili ya ramani, ile inayopaka rangi maeneo: mkoa wenye mauzo mengi rangi nzito, wenye machache rangi nyepesi. Hapa ndipo watu wanakwama, kwa sababu ikitoka kiwandani inazijua nchi za dunia na majimbo ya Marekani tu. Mikoa 31 ya Tanzania, au kaunti 47 za Kenya, unailetea mwenyewe kwa faili la mipaka la aina ya GeoJSON. Si vigumu, lakini mambo matatu hukwamisha. Faili za mipaka mara nyingi ni kubwa mno, kila kona ya ufukwe imechorwa; zipitishe kwanza kwenye mapshaper, zana huria inayopunguza kona bila kuacha nyufa kati ya mkoa na mkoa. Pili, majina hayalingani. Hifadhidata yako inasema "DSM", faili linasema "Dar es Salaam". Wewe unaandika "Kaskazini Pemba", faili limeandika kwa Kiingereza, na mkoa unabaki mweupe kana kwamba hakuna aliyenunua kitu huko. Tumia msimbo wa namba kwa kila mkoa, achana na majina. Tatu, umri wa faili. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilipata kuwa mikoa mwaka 2012, Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Nimekuta dashibodi mpya kabisa iliyojengwa juu ya mipaka ya zamani, na mauzo yote ya Tunduma, mji wa mpakani wenye biashara kubwa, hayakuwa na mahali pa kukaa.

Na hata faili likiwa sahihi, ramani ya kupaka rangi inaweza kukudanganya kwa sababu ya ukubwa wa ardhi. Tabora ina kilomita za mraba zaidi ya 76,000. Dar es Salaam haifiki 1,400. Katika sensa ya 2022 Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3, Tabora milioni 3.4 hivi. Jicho la mkurugenzi aliyekaa mwisho wa meza litaenda moja kwa moja Tabora, kwa kuwa ndiyo kubwa, na jiji linalomlipa mishahara litakuwa kama tone pembeni. Kwa jumla za mauzo napendelea duara juu ya kila mkoa, ukubwa wake kulingana na mauzo. Rangi naziacha kwa vipimo vya uwiano: mauzo kwa kila watu elfu, au asilimia ya maduka yanayolipa kwa wakati. Tena sizifanyi nyekundu na kijani kuwa lugha pekee ya ramani, maana katika kila ofisi kubwa kuna mtu asiyeweza kuzitofautisha, na mara nyingi hajawahi kumwambia mtu.

Siku ikifika ambapo Metabase haikutoshi, utakuwa unahitaji ukurasa wako mwenyewe, na hapo jina la kwanza ni Leaflet. Iliandikwa na Volodymyr Agafonkin wa Kyiv, Ukraine, ikatolewa mwaka 2011, na mpaka leo ni nyepesi ajabu: kama kilobaiti 42 tu. Kwa mteja anayefungua dashibodi kwa kifurushi cha data cha siku, wepesi huo ni heshima. Kijana wako anayejua kutengeneza kurasa za wavuti ataiweka ramani, pini na vidirisha vyake kwa mistari isiyozidi ishirini. Mwonye jambo moja: Leaflet inataka latitudo mbele, GeoJSON inataka longitudo mbele. Hispania ile ya maduka ya Kariakoo mara nyingi huzaliwa hapo. Maduka yakiwa maelfu, ongeza kiambatisho cha kukusanya pini zilizo karibu kuwa duara moja lenye namba. Bila hicho Kariakoo inakuwa kichaka kisichosomeka.

Kwa magari yanayotembea, Grafana ina paneli ya ramani inayofaa kufuatilia mahali lilipo kila gari na joto la friji yake. Apache Superset, iliyozaliwa ndani ya Airbnb mwaka 2015, inabeba data nyingi zaidi kuliko Metabase na inahitaji mtu wa kuilea. Sitakaa hapo.

Nitakaa kidogo kwenye PostGIS, kwa sababu ndiyo iliyothibitisha nilichokiona kwenye suala la Msimbazi. Ni nyongeza ya hifadhidata ya PostgreSQL, imekuwepo tangu 2001, na inaifundisha hifadhidata kufikiri kwa umbali. Kabla yake unaweza kuuliza "maduka ya Kinondoni". Ukiwa nayo unauliza "maduka yote yaliyo ndani ya mita 500 kutoka mtoni, wilaya yoyote", na jibu linakuja kama jedwali la kawaida ambalo Metabase inaweza kulichora. Hakikisha tu safu ya mahali imeandikwa kwa aina inayopima kwa mita. Ukiacha aina ya digrii, mita 500 zinageuka kuwa digrii 500 na kila duka duniani linakuwa karibu na mto. Tulipouliza swali hilo, zile nguzo tano za Jumatatu tukaziondoa, tukaweka mbili: maduka ya bondeni na maduka ya nje ya bonde. Ya nje ya bonde hayakuwa yameshuka hata kidogo. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ambayo wasimamizi watatu walizungumzia jambo moja. Kabla ya masika yaliyofuata kampuni ilikodi stoo ndogo Magomeni, upande wa pili wa mto.

Sijasema chochote kuhusu ramani yenyewe, ile picha ya mitaa na mito iliyo chini ya madoa. Inatoka wapi? Inakuja vipande vipande, vigae vya mraba vya nukta 256 kwa 256. Dunia nzima ikiwa imepunguzwa kabisa ni kigae kimoja. Kila ukikuza hatua moja, kila kigae kinazaa vinne. Kufikia hatua ya kumi na tano, vigae vya dunia vinapita bilioni moja. Mtu lazima avihifadhi na kuvituma, na hiyo ndiyo gharama iliyojificha kwenye kila ramani ya mtandaoni. Mwaka 2018 Google ilibadilisha bei na masharti ya ramani zake, ikataka kila mwenye tovuti inayozitumia afungue akaunti ya malipo, na wengi waliokuwa wamejenga juu yake bila kulipa wakaanza kupiga hesabu. Desemba 2020 kampuni ya Mapbox ilibadilisha leseni ya programu yake ya kuchora ramani iliyokuwa huria. Wanajamii wakalichukua toleo la mwisho lililo huru wakaliendeleza kwa jina la MapLibre. Visa hivyo viwili vinaonyesha kwa nini nasisitiza neno huria kuliko neno bure. Cha bure kinaweza kuanza kulipiwa kesho. Cha huria, toleo ulilonalo ni lako, na hakuna anayeweza kukunyang'anya.

Data ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, ni huria kwa maana hiyo kamili. Seva yake ya vigae, hata hivyo, inaendeshwa kwa michango, na masharti yake yanakataza kuilemea. Dashibodi ya ofisi yenye watumiaji kumi haitaleta shida, mradi jina la OpenStreetMap na wachangiaji wake lionekane kwenye kona ya ramani. Kulifuta ni kuvunja leseni, na nimeona wabunifu wakilifuta eti linachafua muonekano. Ukiwa na watumiaji wengi, au mtandao wa ofisi ukiwa wa kubahatisha, chukua njia ya Protomaps: unakata eneo lako, tuseme Tanzania nzima, unalipata kama faili moja, unaliweka kwenye seva yako, na MapLibre inalichora. Hata intaneti ikikatika, mitaa inabaki.

Na mitaa hiyo ilichorwa na watu. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wakazi wa kata zenyewe, wakatembea kwa miguu kwenye maeneo ya mafuriko ya jiji wakichora nyumba, njia na mitaro ya maji. Walichochora walikiweka OpenStreetMap. Visiwani, kuanzia 2016, Zanzibar ilipigwa picha kutoka angani kwa droni ndogo. Nairobi, vijana wa Kibera walikuwa wameshaanza mwaka 2009 kuichora mitaa yao, ambayo kwenye ramani za wakati ule ilikuwa eneo tupu. Mwaka mmoja kabla, Wakenya walishaijenga Ushahidi, programu huria ya kuweka ripoti za wananchi juu ya ramani wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, na jina lake la Kiswahili likasafiri dunia nzima. Uzi wa Msimbazi niliouona mchana ule, pamoja na mitaro inayoingia ndani yake, ulikuwa kazi ya mikono ya vijana waliolipita bonde lile na viatu vyenye tope. Bila wao madoa yangu mekundu yangekaa juu ya karatasi nyeupe, na nisingeona kitu.

Kuna jambo moja la kuogopa. Duka lina kibao mlangoni na linataka kuonekana. Nyumba ya mtu haitaki. Kama biashara yako inapeleka gesi, dawa au chakula majumbani, usiziweke nyumba za wateja kama nukta kwenye dashibodi inayofunguliwa na kila mfanyakazi. Nukta yenye usahihi wa mita 5, yenye jina, namba ya simu na saa ambayo mtu huwa nyumbani, ni zawadi kwa mwizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya 2019, zinamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Zijumlishe kwa kata au kwa mraba wa nusu kilomita, na uwaachie nukta halisi dereva na msimamizi wake peke yao. Metabase ina kitufe cha kutengeneza kiungo cha umma cha dashibodi: yeyote atakayekipata ataiona, bila nywila. Kwa ramani yenye wateja, kitufe hicho kizimwe siku ya kwanza.

Kabla hujaingia sura inayofuata, nakuomba ufanye kazi ya dakika kumi. Nenda kasimame mlangoni pa biashara yako, mahali unapoiona mbingu, usome latitudo na longitudo kwenye simu, uziandike kwenye kumbukumbu zako za hesabu. Kisha fungua openstreetmap.org uutafute mtaa wako. Ukiona biashara yako haipo, na mtaro ulio mbele yake haupo, jisajili uviweke. Kujisajili hakuna malipo, na ulichokiweka kitaonekana kwa wote, akiwemo dereva wa kampuni usiyoijua anayetafuta njia ya kukwepa maji.